Vikonyo 62

Msafiri apitaye barabara itokayo Segera kwenda Tanga, akayaona mashamba ya mkonge yakifuatana tangu Hale, yakapita Muheza na Ngomeni hata yakakaribia Pongwe, ni shida kumsadikisha kwamba mmea huo, ambao umekwisha kuwa kama jina la pili la mkoa wetu, ulishuka pwani hii mwaka 1893 katika hali ya abiria mahututi. Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo aliyeitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza vikonyo 1,000, yaani ile miche midogo iotayo juu ya mlingoti wa mkonge baada ya maua kupukutika. Akaviagiza kutoka Florida katika Marekani, kwa sababu Meksiko, uliko usuli wa mmea wenyewe, haikuwa radhi kuutoa kwa wageni. Vikapelekwa Hamburg kwa bahari, vikapakiwa tena kuja Tanga, na makasha yalipofunguliwa vilivyokutwa hai vilikuwa 62. Wako wasimuliao kwamba viliibwa vikafichwa tumboni mwa mamba mkavu, nami sina haja ya kuwanyima watu utamu wa hadithi yao. Ila kila niitazamapo hisabu ile, ajabu yake naiona katika vile 62, ambavyo vilipandwa Kikogwe karibu na Pangani, vikalelewa, vikazaa, na baada ya miaka 71, yaani mwaka 1964, nchi hii ikatoa zaidi ya tani 200,000 za singa, wala hapakuwa na nchi nyingine duniani iliyoipita.

Nimeikumbuka habari hiyo kwa kuwa kazi yangu ya miaka mingi ni usimamizi wa mashamba, na haupiti mwaka bila kijana mmoja au wawili kunijia nyumbani na barua mkononi, amepata nafasi ya kwenda ng'ambo, huyu Uholanzi, yule China, mwingine Israeli au Brazili, kujifunza teknolojia ya kilimo na njia za kuongeza tija, naye ataka nimwambie atazame nini. Huwa sina jawabu fupi. Mwenye kwenda kutazama kilimo cha watu ataona vitu 1,000, na aghalabu vingi vitamfia njiani kama vilivyomfia Hindorf. Nionavyo mimi, dhima yake ni kujua mapema vipi vyaweza kuishi katika ardhi ya kwao, na ni nani atakayevimwagilia maji yeye atakapokuwa amerudi kwenye meza yake ya ofisini.

Kwa Hindorf, kabla ya meli lilitangulia swali. Alikuwa akitafuta zao lisilodai mvua nyingi, litakalosimama katika kiangazi cha pwani lisikonde, akalikuta katika jarida la bustani ya Kew, Uingereza, ambamo mkonge wa Meksiko ulikuwa umeelezwa. Akaipima hali ya hewa ya kule kwa ya huku, ndipo alipoagiza. Aliyemfuata katika mtindo huo alikuwa Franz Stuhlmann, ambaye mwaka 1900 na 1901 alizunguka katika visiwa vilivyotawaliwa na Waholanzi na katika India ya Waingereza kwa kusudi la kujifunza mashamba yao, na safari yake hiyo akaiandikia taarifa ndefu iliyochapishwa mwaka 1903. Huko Java aliiona bustani ya utafiti ya Buitenzorg, mahali paitwapo leo Bogor, na haukupita muda, mwaka 1902, ikasimama juu ya milima ya Usambara Mashariki taasisi ya Amani, Stuhlmann akiwa mkuu wake wa kwanza na baada yake Albrecht Zimmermann, ambaye mwenyewe alikuwa amefanya kazi miaka kadhaa huko Buitenzorg. Jina la Buitenzorg kwa Kiholanzi lina maana ya mahali pasipo na wasiwasi. Sijui msomaji atasema nini, bali mimi hunifurahisha kwamba mwenzake aliyezaliwa Usambara aliitwa Amani.

Walakini tuseme kwa insafu kwamba safari hizo zilikuwa za watawala, na faida yake ilihesabiwa kwao. Wale waliotoka bara na nchi jirani kuja kuukata mkonge, wakaitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alipewa namba na kipande cha kuchorewa siku zake za kazi, hakuna aliyewauliza wangependa kwenda kuona nini na wapi. Mtu wa kwetu aliyebahatika kusafiri alikwenda kwa shughuli nyingine: Martin Kayamba, karani mkuu wa Tanga, alipelekwa Uingereza mwaka 1931 kutoa ushahidi juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki, na aliporejea akaandika kitabu cha Kiswahili alichokiita "Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza". Jina hilo limenikaa moyoni. Kama ningepewa ruhusa ya kulitia neno moja kwa ajili ya wasafiri wa kilimo, ningetia "tulivyopima", kwa maana wengi tumeona, baadhi tumefanya, na wachache mno tumepima.

Kuna jambo moja ambalo vijana wale huwashangaza nikiwaeleza, nalo ni kwamba sehemu ya ilimu wanayoifuata ng'ambo ilitoka hapa. Chukua muhogo. Wajerumani walipanda katika wilaya hizi mti wa mpira utokao Ceara, Brazili, na bei ya mpira ilipoanguka muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza, mashamba yale yakaachwa na mti ukabaki nyuma ya nyumba za watu, ambapo uko hata leo, na majani yake machanga mama zetu huyatwanga kinuni wakayapika kwa nazi, chakula ambacho kila mtu wa pwani hukijua kwa jina la kisamvu cha mpira. Mti huo ni ndugu wa muhogo. Mnamo miaka ya 1930 wataalamu wawili wa Amani, Storey na Nichols, walipokuwa wakitafuta dawa ya batobato, maradhi yanayokunja majani ya muhogo yakayatia madoa ya manjano hata mmea ukadumaa, waligundua kwamba mpira huo hauyajali maradhi hayo. Wakauoza kwa muhogo, na kwa kuwa mtoto wa kwanza alirithi mizizi ya kigogo isiyolika, wakamrudisha kwa muhogo mara ya pili na ya tatu, mpaka wakapata mmea wenye mizizi ya mama na afya ya baba. Huyo Storey ndiye pia aliyeeleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, maradhi ya michirizi ya kahawia, ambayo alikuwa ameyaona katika mihogo ya chini ya milima hii hii yetu.

Kazi ile ya kuoza na kurudisha iliendelezwa na mwenzao Jennings, na katika miaka ya 1950 mbegu za wazao wale zikapelekwa Nigeria. Huko, katika mji wa Ibadan, ulichaguliwa mmea mmoja uliopewa namba 58308, na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, iliyoundwa mjini humo mwaka 1967, ikaufanya mmea huo nyanya wa jamii kubwa ya mihogo yake yenye kustahimili batobato. Basi katika miaka ya 1990, batobato kali ilipoikumba Uganda na kuwaacha watu wa kaskazini na mashariki ya nchi hiyo na mashamba matupu, miongoni mwa mihogo iliyowaokoa ni hiyo iliyotoka Ibadan, wao wakaiita Nase. Damu ya mpira wa Ceara, ulioletwa kutoka Brazili, ukaozwa Amani, ukaenda Nigeria, ilirudi ukanda wetu wa Afrika baada ya nusu karne. Na mkulima wa Soroti akila muhogo wake hana habari na mti ulio nyuma ya jiko la bibi mmoja wa Muheza.

Habari ya pili ni ya mkonge wenyewe. Kituo cha utafiti wa mkonge cha Mlingano, karibu na Ngomeni, kilifunguliwa mwaka 1934, na G. W. Lock alikaa pale muda mrefu wa kutosha kuandika kitabu juu ya miaka 25 ya utafiti wa mmea mmoja tu, subira ambayo siku hizi mfadhili hawezi kukuvumilia. Amani na Mlingano ndiko alikopatikana chotara aitwaye 11648, mzazi wake mmoja akiwa ni jamii ya mkonge iliyochukua jina lake la kisayansi kutoka Amani yenyewe. Mkonge wa Hindorf hutoa majani 200 hadi 250 katika umri wake, kisha huchomoza mlingoti, hutoa maua na kufa. Chotara huyu aweza kufika majani 600, tena majani yake hayana miiba ya kando ya kumchana mkataji. Ila ana aibu yake: katika ardhi ituamayo maji hushikwa na maradhi yenye kumtia milia kama ya punda, akaoza hadi shina. Katika miaka ya 1960 Wachina walimchukua wakampa jina la Dong 1, wakampanda Guangdong, Guangxi na Hainan, na leo mavuno yao kwa hekta yameyapita yetu mara kadhaa, kwa mmea ule ule. Ilipofika mwaka 2000 au karibu yake, kampuni ya serikali yao ilikuwa imekwisha kuja kununua mashamba ya mkonge huko Rudewa, Kilosa.

Nilipoisikia habari hiyo kwa mara ya kwanza niliona haya, kisha nikaona kwamba haya hazinisaidii kitu. Jambo la kuuliza ni walimfanyia nini. Jawabu, kwa ufupi, ni kwamba walimlisha. Mkonge una sifa ya kustahimili shida, na sifa hiyo imeuponza, kwa kuwa mwenye shamba huudhania kuwa hauli. Majaribio ya Mlingano yalikwisha kuonyesha tangu zamani kwamba mkonge hufyonza chokaa kwa wingi mno kutoka katika udongo, na shamba lililopandwa mkonge juu ya mkonge bila kurudishiwa kitu huchachuka mpaka mmea ukawa hauna tena wasaa wa kukua. Wachina waliisoma hisabu ile, wakatia chokaa, wakatia samadi na mbolea ya dukani, wakayarejesha makapi shambani. Nasi tumekaa juu ya mawe ya chokaa ya Pongwe na Amboni, saruji ikichomwa hapo hapo kando ya barabara, huku mkonge wa jirani umekonda kwa kukosa kitu kile kile. Mtu akienda Guangdong akarudi na picha za mashine, asirudi na jedwali la mbolea, ameiacha dafina yenyewe mezani.

Hapa yafaa nieleze kidogo maana ya ufanisi katika shamba, kwa sababu neno hili husemwa mikutanoni hata likapoteza ladha. Jani la mkonge lililokatwa, ukilipima, singa yake ni kama sehemu 4 katika 100 za uzito wote. Zilizobaki ni maji na nyama ya kijani. Mkataji hukata, hufunga matita ya majani 30, huyapanga kando ya njia, na lori au trekta huja kuyachukua. Lori lenye tani 7 za majani, basi, limebeba singa kilo 280, na kilo 6,720 ni mzigo wa kwenda kutupwa. Likifika kiwandani majani hutandazwa juu ya mkanda yakaingia katika korona, mashine kubwa yenye magurudumu mawili ya visu butu, ambayo kelele zake husikika kabla hujaliona paa: mnyororo huyashika majani katikati, gurudumu la kwanza hukwangua upande mmoja, la pili hukwangua wa pili, maji yakimiminika muda wote, na upande wa pili singa hutoka nyevu, nyeupe yenye kuelekea kijani, zikining'inia kama nywele za mtu atokaye kuoga, zikaenda kuanikwa juani kwenye nyaya. Chini yake hupita mfereji wa majimaji ya kijani yenye harufu ya kuchacha ambayo mtu aliyelelewa katika kambi za mkonge haisahau maisha yake yote. Huko Hale palijengwa mtambo wa kuyageuza makapi hayo kuwa gesi na gesi kuwa umeme, kilowati 150, na wageni wengi walikuja kuutazama, safari hii wao wakiwa ndio wenye daftari.

Korona ni mashine nzuri kwa shamba la hekta elfu kadhaa lenye mwenyewe mmoja, ambalo lilipangwa tangu awali likiizunguka. Siku hizi mkonge mwingi ni wa wakulima wadogo, mmoja ana hekta 2, mwingine 6, na korona haikuongezeka kwa kadiri ya wenyewe. Majani yaliyokatwa hayapendi kungoja zaidi ya siku moja au mbili, singa zikaharibika rangi na bei ikaanguka. Mkulima husema mkonge wake umelala njiani, na neno hilo "umelala" lina uchungu mwingi. Ndipo baadhi yetu hutazama Brazili, ambayo imetwaa nafasi yetu ya kwanza duniani: katika jimbo la Bahia wakulima wadogo hutumia mashine ndogo yenye injini, hukokotwa mpaka ndani ya shamba, watu wawili wakailisha majani kwa mkono, singa zikatoka pale pale na makapi yakabaki kuwa mbolea. Lori halina tena haja ya kubeba maji. Kwa hisabu ya usafiri pekee, mashine hiyo yashinda korona waziwazi. Lakini msafiri aliyetumwa Bahia, akawa na macho, ataitazama mikono ya walishaji kabla hajaitazama mashine. Maana mashine hiyo huvuta jani kwa nguvu na mara nyingi huvuta na vidole, na katika vijiji vya kule watu waliopoteza viganja wanajulikana kwa wingi. Gharama hiyo haiandikwi katika bei ya mashine. Mimi simkatazi mtu kuileta Korogwe, na zipo zilizokwisha kuletwa za namna mbalimbali. Namwambia tu kwamba ailete pamoja na kinga ya kuingizia majani, na ahesabu kwamba itasaga polepole, na ajue fundi wake atakaa kijiji gani.

Ziko safari za haraka pia. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkuu wa idara ya kilimo ya Tanganyika, ulitumia wiki 9 kutazama nchi za Afrika Mashariki na ya kati, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi London ukasema karanga zitastawi Kongwa. Hata mwaka 1951 mpango ule ulipozikwa, Waingereza walikuwa wamepoteza pauni milioni 36 hivi. Mvua ya Kongwa haikuonekana kutoka angani.

Mimi mwenyewe nilipelekwa Uholanzi miaka kadhaa iliyopita pamoja na wenzangu wa mkoa huu. Sababu yake ilikuwa ng'ombe, kwani msomaji huenda asijue kwamba maziwa ya Tanga yana udugu wa siku nyingi na nchi hiyo: mradi wa wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa ulianza hapa mwaka 1985 kwa msaada wa Waholanzi, mitamba chotara ikagawiwa kwa desturi ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na katika miaka ya 1990 vyama vya wafugaji vikashirikiana na wakulima wa Kiholanzi kuanzisha kiwanda cha Tanga Fresh. Tulifika Friesland asubuhi yenye baridi ya kukata masikio. Mzee mwenye shamba hakutuamkia kwa mkono mpaka tulipovaa mavazi ya kazi ya buluu aliyotuwekea na kuchovya viatu katika beseni la dawa. Aliogopa maradhi tuliyotoka nayo, naye alikuwa na haki. Katika zizi lake walisimama ng'ombe wapatao 100, na mkamuzi hakuwapo: ng'ombe alikwenda mwenyewe alipojisikia kujaa, mkono wa chuma ukamtafuta chuchu ukamkamua. Mashine hizo zilianza kuuzwa kule mwaka 1992, na wenzangu walizipiga picha mpaka simu zikaisha nguvu.

Nami nilizipiga picha, sijitoi. Kilichonikaa zaidi kilikuwa juu ya meza ya jikoni, alipotukaribisha kahawa. Mzee yule alikuwa na kumbukumbu za kila ng'ombe tangu alipozaliwa, amekula nini, ametoa lita ngapi, ameugua lini, amepandishwa lini, na alipoulizwa faida yake alitaja kwanza gharama ya chakula kwa kila lita. Tena alituambia bila kuficha kwamba tusimwonee wivu kupita kiasi, kwa sababu serikali za Ulaya zimekuwa zikiwabeba wakulima wao tangu miaka ya 1960, na tangu mwaka 1984 mpaka 2015 hata kiasi cha maziwa cha kukamua alikuwa akipangiwa. Na hana kupe wa ndigana kali. Nikawaza kwamba ng'ombe wake, angeletwa Mabokweni siku ile ile, asingemaliza masika.

Sote tuliporudi tuliandika taarifa. Shirika moja, nisilotaka kulitaja, lilipendezwa na ukurasa mmoja katika yangu, uliohusu kupoza maziwa kijijini, likaleta tangi zuri la chuma kisichoshika kutu. Tangi lilihitaji umeme wa njia tatu. Kijiji kilikuwa na wa njia moja. Nilikuwa nimeandika ujazo wa tangi, kiwango cha ubaridi na muda wa kupoza, na sikuandika waya ziingiazo ni ngapi, kwa kuwa kule hakuna aulizaye. Lilikaa miezi mingi limefunikwa turubai, kuku wakitaga chini yake, na maziwa yakaendelea kupelekwa kwa baiskeli kabla jua halijachomoza.

Nitamalizia kwa bibi mmoja wa Pongwe, mwenye ng'ombe wawili. Siku moja kabla ya safari ile nilipita kwake, na baada ya shikamoo na marahaba aliniuliza naenda kutazama nini, nikamwambia teknolojia. Akasema, "Mwanangu, waulize ng'ombe wao hunywa maji saa ngapi." Niliona ni swali la kitoto, lakini kwa adabu niliandika, na kule Friesland nililiuliza, mzee akanitazama kama mtu asiyeelewa, kisha akanionyesha chombo cha maji kilichokuwa mbele ya ng'ombe, hakifungwi, hakikauki, usiku na mchana. Ng'ombe wa maziwa, kwa kadiri, hudai lita 4 hadi 5 za maji kwa kila lita moja ya maziwa, mbali na yale ya kujipoza katika joto kama letu. Wa kwetu wengi hunywa mara mbili, asubuhi na jioni, kwa kuwa maji huja kwa ndoo na ndoo ina bei.

Nilimpelekea bibi jawabu lake. Alikata pipa la plastiki kwa msumeno, nusu moja akaichimbia katika ardhi ya banda, akalijaza, akawa analijaza kila lipunguapo. Mjukuu wake aliandika katika daftari la shule, ndoo upande mmoja na maziwa upande wa pili, kwa muda wa wiki tatu. Maziwa ya asubuhi yaliongezeka, si sana, ila yalitosha kulipa ndoo na kubaki na kitu. Nilipokwenda kuliangalia daftari hilo, nalo ni bora kuliko taarifa yangu, alikuwa akizoa samadi kuipakia katika viroba, kwa kuwa watu wa bustani za mchicha walikuwa wakija kuinunua jioni.

"Na wale Wazungu wako," akaniuliza bila kuinua kichwa, "mavi ya ng'ombe mia huyauza kiroba kwa bei gani?"

Nikamwambia kwamba kule ni marufuku kuyamwaga ovyo, ardhi yao imekwisha kuyakinai, na mwenye nayo kupita kiasi huwalipa watu wa magari waje wayaondoe.

Bibi aliweka koleo chini, akakaa juu ya kiroba kilichojaa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga, kisha akaniagiza niliandike hilo katika daftari la mjukuu, niandike na tarehe.